UZI: World Series ya besiboli, ya uwanjani na ya mifukoni

Mleta mada

Wakuu, habari za saa hizi. Kwenye ule uzi wa mishahara ya wanamichezo kuna mdau aliuliza inakuwaje mrusha mpira mmoja wa Los Angeles analipwa kuliko vikosi vyetu vizima, na kwa nini Wamarekani wanajiita mabingwa wa dunia wakati wanacheza wenyewe kwa wenyewe. Nikaona nikijibu kule nitavuruga mada ya watu, nikaja kufungua huku. Ni mrefu, kama una haraka pita kimya kimya.

Tuwekane sawa kwanza kwa wale wa soka tu. Marekani kuna ligi kubwa mbili za besiboli: National League iliyoanza 1876, na American League iliyojitangaza ligi kubwa mwaka 1901. Oktoba bingwa wa huku anakutana na bingwa wa kule, na wa kwanza kushinda michezo 4 anachukua kombe. Mchezo mmoja una awamu 9, kila timu inapata zamu yake ya kuupiga mpira unaorushwa na mrushaji wa wapinzani, na siku hizi hakuna sare. Matokeo yakilingana wanaongeza awamu hata kama watu wataondoka uwanjani usiku wa manane.

Msimamo wangu nauweka mapema: ukiisoma World Series kwa kuhesabu makombe hutaielewa. Fuata hela. Nani alizishika, nani alipewa chenji, na nani alifungiwa mlango asiingie kabisa.

Twende 1903. Miaka miwili mizima ligi hizi zilikuwa vitani, American League chini ya Ban Johnson ikiwang'oa wachezaji wa wenzao kwa dau kubwa. Januari 1903 wakapatana. Ilipofika mwishoni mwa msimu, Barney Dreyfuss, mwenye Pittsburgh Pirates, na Henry Killilea, mwenye Boston Americans (ndio Red Sox wa leo), wakakubaliana timu zao zikutane. Hakuna shirikisho lililoketi wala kanuni iliyopitishwa. Wafanyabiashara wawili waliona kuna mapato ya mlangoni, basi.

Walipanga michezo 9, mshindi awe wa kwanza kufikisha 5. Pittsburgh waliingia warushaji wao wameisha kwa majeruhi na maradhi, mzigo wote ukamwangukia Deacon Phillippe. Katika michezo 4 ya mwanzo timu ilishinda 3, na zote 3 alirusha yeye. Jumla alirusha michezo 5 mizima, mwanzo hadi mwisho. Leo ukimfanyia hivyo mrushaji, daktari wa timu anajiuzulu. Mkono ukagoma, Boston wakatoka nyuma 3-1, wakashinda 4 mfululizo na kumaliza 5-3.

Sasa picha linaanza kwenye mgao. Dreyfuss alichukua fungu lake la mwenye timu akalimwaga kwenye kapu la wachezaji wake. Killilea la kwake akaliweka mfukoni. Matokeo yake walioshindwa waliondoka na dola 1,316 kila mmoja, mabingwa wakapata 1,182. Fainali ya kwanza kabisa, na aliyefungwa kalipwa zaidi ya bingwa.

1904 haikuchezwa. New York Giants walibeba National League, lakini mwenye timu John T. Brush na kocha John McGraw wakagoma kukutana na hao waliowaona ni ligi ya mchangani. McGraw alikuwa na bifu la binafsi na Ban Johnson tangu walipogombana Baltimore. Wachezaji wao walitaka kucheza, hela ilikuwa nje nje, nani aliwauliza? Magazeti yakawasulubu, na mwaka uliofuata ni Brush huyo huyo aliyeandika kanuni za kudumu: michezo 7, na wachezaji wapate mgao kwenye mapato ya michezo 4 ya mwanzo tu. Hiyo ya 4 ilikuwa na akili. Hakutaka mchezaji apate sababu ya kuachia mchezo mmoja ili fainali irefuke na hela ziongezeke.

1905 Giants hao hao wakacheza na kushinda 4-1 dhidi ya Philadelphia Athletics. Christy Mathewson alirusha michezo 3 ndani ya siku 6 na hakuruhusu alama hata moja. Mpaka leo mashabiki wanaulizana kama kuna aliyewahi kufanya vizuri kuliko hapo.

Nanywa maji, nakuja na 1919.

Kisu Butu

Mkuu umesahau jambo. Wanaiita ya dunia kwa sababu mfadhili wa kwanza alikuwa gazeti la New York World. Nilisoma mahali.

Mleta mada

Hiyo ni chai, mkuu, japo imezunguka sana. Gazeti hilo halikudhamini chochote. Mwaka 1884, kabla hata American League haijazaliwa, Providence Grays waliwafunga New York Metropolitans 3-0 kwenye fainali ya ligi mbili za wakati huo, wakaanza kuitwa mabingwa wa dunia. Wamarekani walikuwa na kiburi, na pia hapakuwa na mwingine wa kushindana naye. Jina likabaki.

Sasa 1919. Hapa nitakaa kidogo.

Chicago White Sox walikuwa timu bora nchini, mwenye timu ni Charles Comiskey, mtu aliyejulikana kwa mkono wa birika. Mchezaji hakuwa na pa kwenda. Mikataba ya wakati ule ilikuwa na kifungu kilichomfunga kwenye timu yake maisha yake yote, mpaka wenyewe wamuuze. Ukikataa mshahara, kalime. Ndani ya timu hiyo Chick Gandil akaanza kuongea na wacheza kamari, akawavuta wenzake wauze fainali. Jina la Arnold Rothstein, tajiri wa kamari wa New York, linatajwa mpaka leo kama mwenye hela nyuma ya mpango.

Eddie Cicotte, mrushaji namba moja, alitaka chake mkononi kabla ya mpira kurushwa. Usiku wa kuamkia mchezo wa kwanza, hotelini Cincinnati, akakuta dola 10,000 chini ya mto. Kesho yake mrusho wake wa pili tu ukampata mgongoni mpigaji wa kwanza wa wapinzani wao Cincinnati Reds, Morrie Rath. Watazamaji waliona mkono umeteleza. Wacheza kamari waliona ishara kwamba mechi imeuzwa. Reds wakashinda 9-1.

Kilichofuata ni vichekesho vya huzuni. Wacheza kamari hawakulipa walivyoahidi, baadhi ya wachezaji wakaanza kukasirika, na mrushaji mmoja mdogo kwa umbo, Dickie Kerr, ambaye hakuwa kwenye mpango, akawa anashinda kwa bidii zake na kuwaharibia wenzake hujuma. Mwaka ule waliirudisha ile ya michezo 9. Reds wakachukua 5-3.

Septemba 1920 mambo yakalipuka mbele ya jopo la uchunguzi, Cicotte na mwenzake Joe Jackson wakakiri. Kesi ikaja mwaka uliofuata, na makaratasi ya kukiri yakawa yametoweka. Agosti 2, 1921 wazee wa baraza wakawaachia wote. Siku iliyofuata Kenesaw Mountain Landis, jaji ambaye wenye timu walikuwa wamemuajiri kuwa kamishna wa kwanza, yaani bosi wa ligi zote mbili, akawafungia wachezaji wote 8 maisha. Mahakama imesema hawana hatia, kamishna kasema hamchezi tena.

Ubishi hauishi kwa wawili. Jackson alipokea dola 5,000, lakini kwenye fainali hiyo alipiga kwa wastani wa .375 (yaani kila majaribio 1,000 ni mipigo safi 375) na ndiye pekee aliyeutoa mpira nje ya uwanja. Buck Weaver hakuchukua senti, alijua tu na akakaa kimya. Wote adhabu moja. Comiskey, aliyekuwa na fununu mapema na kunyamaza, hakuguswa.

Bi Mkubwa wa Tanga

Umesema kuna waliofungiwa mlango kabisa. Weusi walikuwa wapi muda wote huo?

Mleta mada

Ndiko nilikokuwa naelekea, dada yangu.

Huyo Landis anayesifiwa kwa kusafisha mchezo alikaa kwenye kiti mpaka alipofariki 1944, na katika miaka yake yote hakuna mtu mweusi aliyekanyaga ligi kubwa. Hapakuwa na kanuni iliyoandikwa. Wenye timu walielewana kwa kukonyezana.

Weusi wakawa na ligi zao na World Series yao. Ya kwanza ilichezwa 1924, Kansas City Monarchs dhidi ya Hilldale. Ilikwenda michezo 10 kwa sababu mmoja uliisha sare, Monarchs wakashinda 5-4. Fainali hizo zilidumu mpaka 1927, zikafa kwa ukata, zikafufuka 1942 na kuishia 1948. Ile ya mwisho walichukua Homestead Grays, wakiwafunga Birmingham Black Barons waliokuwa na kijana wa miaka 17 aitwaye Willie Mays. Desemba 2020 ndipo wakubwa walipotangaza kwamba zile nazo zilikuwa ligi kubwa. Mwaka 2024 takwimu zikaingizwa vitabuni, na Josh Gibson, mpigaji wa ligi za weusi, akampita Ty Cobb aliyekuwa akiongoza kwa wastani wa kupiga, .372. Gibson alikuwa amekufa tangu 1947. Hakuwahi kupewa hata nafasi ya kujaribu.

Jackie Robinson aliingia Brooklyn Dodgers 1947, na mwaka huo huo akacheza World Series, wakafungwa na New York Yankees. Wa kwanza weusi kuibeba ni Larry Doby na Satchel Paige wakiwa na Cleveland 1948. Brooklyn waliendelea kuteswa na Yankees mpaka 1955. Mchezo wa kwanza wa mwaka ule Robinson, umri wa miaka 36, aliiba kituo cha mwisho, yaani alikimbilia alama mpira ukiwa unarushwa, mbele ya macho ya Yogi Berra, mdakaji wa Yankees. Berra alimrukia mwamuzi kwa hasira na mpaka anaingia kaburini alishikilia kwamba Robinson alikuwa ameguswa na mpira kabla ya kufika, hivyo katolewa. Dodgers wakachukua kwenye mchezo wa 7. Ndilo kombe pekee Brooklyn waliloliona, kwa sababu 1958 mwenye timu aliifungasha akaihamishia Los Angeles.

Mzaramo Halisi

Huu mchezo hauna uchawi? Fainali zote hizo na hakuna hata kuku aliyezikwa golini?

Mleta mada

Mkuu, kuna mbuzi kabisa.

1945, Chicago Cubs dhidi ya Detroit Tigers. Cubs wanaongoza 2-1. Mwenye baa mmoja, William Sianis, anakuja mchezo wa 4 na mbuzi wake, na mbuzi kakatiwa tiketi yake. Wakamtoa, mbuzi ananuka. Hadithi inasema Sianis akaapa Cubs hawatashinda tena. Walifungwa siku hiyo, wakapoteza fainali, na hawakurudi World Series mpaka 2016. Kombe lao la mwisho lilikuwa 1908, hesabu mwenyewe. 2016 walikuwa nyuma 3-1 dhidi ya Cleveland, wakasawazisha, mchezo wa 7 ukafika awamu ya 10, mvua ikasimamisha kila kitu kwa dakika 17, wakarudi wakashinda 8-7. Timu iliyokaa miaka 108 bila kombe ilikuwa imeinunua familia ya kitajiri na kuajiri mabingwa wa takwimu, lakini waulize wazee wa Chicago, watakwambia ni mbuzi.

Boston nao wana lao. Walishinda 1918 wakiwa na nyota wao Babe Ruth, mwisho wa 1919 mwenye timu akamuuza Yankees kwa sababu alihitaji fedha. Yankees, ambao hawakuwa na kombe hata moja, wakachukua la kwanza 1923 na leo wana 27. Boston wakakaa mpaka 2004. Katikati hapo kuna 1986, Boston walikuwa wamebakiza kidogo tu wawe mabingwa dhidi ya New York Mets, mpira mlaini ukaja ukampiga tobo Bill Buckner. Maskini alisimangwa kwa miaka, ingawa ule ulikuwa mchezo wa 6 na mchezo wa 7 timu nzima ilishindwa. Mimi sijawahi kuona haki hapo.

Mkitaka fainali moja ya kusimulia watoto, chukueni 1960. Yankees walifunga alama 55 kwa jumla, Pittsburgh 27, na kombe likaenda Pittsburgh. Yankees walikuwa wakishinda wanashinda 16-3, 10-0, 12-0, na wakifungwa wanafungwa kwa pua. Mchezo wa 7, awamu ya 9, matokeo 9-9, Bill Mazeroski, mtu anayesifika kwa ulinzi na si kwa kupiga, akautoa mpira juu ya ukuta. Mchezo wa 7 haukuwa umewahi kumalizwa hivyo, na mpaka leo haujamalizwa hivyo tena.

Kisu Butu

Rudi kwenye hela. Wachezaji walitokaje kwenye kile kifungu?

Mleta mada

Kwa kupigana. Curt Flood wa St. Louis, mtu aliyecheza World Series 3, mwaka 1969 aliambiwa ameuzwa Philadelphia. Akagoma, akaenda mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani, akashindwa 1972. Yeye alipoteza kazi. Chama cha wachezaji kikaendelea, na Desemba 1975 msuluhishi akakivunja kile kifungu. Tangu hapo ukishatimiza miaka 6 ya ligi kubwa na mkataba ukaisha, unajiuza mwenyewe, na mishahara ikapaa.

Wenye timu hawakukubali kirahisi. 1994 walitaka kuweka ukomo wa mishahara, wachezaji wakagoma Agosti 12, na Septemba 14 kaimu kamishna Bud Selig akatangaza hakuna World Series. Vita mbili za dunia hazikuifuta. Tetemeko la San Francisco la 1989 liliisogeza siku 10 tu, na lile lilipiga watu wakiwa wameshajaa uwanjani wakisubiri mchezo wa 3 kati ya San Francisco Giants na Oakland. Kilichoifuta ni hesabu za mezani. Walioumia zaidi ni Montreal Expos, waliokuwa na rekodi bora kuliko wote, ushindi 74 na vipigo 40. Timu haikuinuka tena, 2005 ikahamishiwa Washington, na kombe ikalipata huko 2019, kwenye fainali ya ajabu ambayo michezo yote 7 alishinda mgeni.

Kuhusu Houston Astros, mabingwa wa 2017, nitapita haraka kwa sababu inaniudhi. Walikuwa wanatumia kamera kuiba ishara za vidole ambazo mdakaji humpa mrushaji wake, kisha mtu anagonga pipa la taka kumjulisha mpigaji mpira gani unakuja. Januari 2020 ripoti ikatoka: faini dola milioni 5, kocha na meneja mkuu wakafungiwa mwaka na kufukuzwa. Wachezaji hawakuadhibiwa, kombe halikunyang'anywa. Weaver alikaa kimya akafungiwa maisha. Linganisheni wenyewe.

Jirani wa Jinja

Mbona Uganda hamtutaji? Sisi tunacheza huu mchezo.

Mleta mada

Karibu sana, jirani, na una haki. Kuna World Series ya watoto inayochezwa Williamsport, Pennsylvania. 2011 vijana wa Uganda walifuzu kwa kuwafunga wenzao wa Saudi Arabia, wakanyimwa viza kwa utata wa nyaraka za umri. 2012 vijana wa Lugazi wakafuzu tena, wakaenda, wakawa timu ya kwanza ya Afrika kucheza pale, na wakaifunga timu ya Oregon 3-2. Na 2022 Dodgers wakawasainisha Waganda wawili, Ben Serunkuma na Umar Male, kwa timu zao za chini. Mwafrika wa kwanza kufika ligi kubwa yenyewe ni Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, Aprili 2017, akiwa na Pittsburgh. Ligi kubwa alicheza, World Series hakuifikia.

Dodgers nimewataja makusudi. Wamechukua 2024 na 2025, na ile ya 2025 dhidi ya Toronto ndiyo iliyozua swali la mdau kule. Mchezo wa 3 ulikwenda awamu 18. Yoshinobu Yamamoto, Mjapani mwenye mkataba wa dola milioni 325, alirusha mipira 96 akashinda mchezo wa 6. Kesho yake, mchezo wa 7, Toronto wakiwa wanaongoza 4-3 na wamebakiza wapigaji wawili tu wa kuwatoa, Miguel Rojas akasawazisha kwa mpigo mmoja wa nje ya uwanja. Yamamoto akaitwa tena, na mkono ule ule wa jana akarusha mipira 34 zaidi. Will Smith akaupiga jukwaani awamu ya 11, ikaisha 5-4. Yamamoto alishinda michezo 3 kwenye fainali moja. Watu wanaosema mamilioni yanawafanya wachezaji walegevu waangalie usiku ule.

Bi Mkubwa wa Tanga

Na mgao wa sasa ukoje? Bado wanagawiwa za mlangoni?

Mleta mada

Bado, dada. Kapu la wachezaji linapata asilimia 60 ya mapato ya mlangoni ya michezo 4 ya mwanzo ya World Series, pamoja na mafungu ya hatua za kabla. Nne ile ile ya Brush. Wachezaji hupiga kura nani apewe fungu kamili, nani nusu, na mara nyingi huwakumbuka hata watunza vifaa. Za televisheni ziko upande wa wenye timu, na huko ndiko kwenye mzigo.

Mzaramo Halisi

Joe Jackson je? Wamemsamehe?

Mleta mada

Mei 2025 kamishna Rob Manfred aliamua kifungo cha maisha kiishe mtu anapofariki, kwa hiyo Jackson, Weaver na wenzao wameondolewa kwenye orodha ya waliofungiwa. Jackson alifariki 1951. Kuingia Ukumbi wa Mashujaa kule Cooperstown ni kura nyingine, na kamati inayohusika na enzi yake inakutana Desemba 2027. Mimi kwa .375 ile ningempa, kwa zile 5,000 nasita. Nyie mnasemaje?

Kisu Butu

Alipokea. Hapana.

Bi Mkubwa wa Tanga

Comiskey yumo humo ukumbini tangu 1939. Jackson aingie.